Jino linalosafiri kwa intaneti: kinachoendelea kati ya daktari wa meno na maabara

Nikimwambia mtu kwamba nafanya kazi maabara ya meno, swali linalofuata huwa lile lile: "Kwa hiyo mnapima damu?" Hapana. Hatupimi damu, mate wala mkojo. Maabara ya meno ni karakana. Ndani yake kuna nta, plasta, tanuri, drili ndogo ndogo na vumbi jeupe linaloganda kwenye nyusi. Humo ndimo yanamotengenezwa meno ambayo daktari atayaweka mdomoni mwako: meno bandia ya kuvaa na kuvua, krauni (wengine huiita kofia ya jino), daraja la kuziba pengo, na meno yanayokaa juu ya vipandikizi vilivyofungwa kwenye mfupa wa taya.

Zamani kutojua hilo hakukumgharimu mgonjwa kitu. Siku hizi kunamgharimu. Kliniki za mijini zinatangaza "krauni za kidijitali", "vipimo bila dongo", "jino kwa siku moja", na watu wanaingia wakiwa wameshaamini kwamba kompyuta hutengeneza jino yenyewe, kwamba skana, kifaa kinachosoma umbo la meno, inapiga mionzi, kwamba daktari asiye na skana anafanya kazi mbovu. Wapo wanaolipa fedha nyingi bila kujua wananunua nini. Wapo pia wanaomkimbia daktari mzuri kwa sababu tu bado anatumia dongo la kuchukulia umbo la meno, na hao ndio wanaoniuma zaidi.

Fundi asiyemwona mteja

Tuanze na fundi cherehani. Dada yako yuko Songea na anataka gauni kutoka kwa fundi wa Kariakoo. Kuja hawezi. Atatafuta mtu ampime, vipimo viandikwe kwenye karatasi, karatasi itumwe. Fundi atakata kitambaa kwa kuiamini karatasi ile. Kama aliyepima alilegeza tepu kiunoni, gauni litapwaya, hata fundi awe hodari namna gani.

Daktari wa meno ndiye mpimaji, mimi ndiye fundi. Mgonjwa simwoni. Sijui anacheka vipi, sijui kama anasaga meno usiku. Ninachojua ni kile tu daktari alichonitumia.

Kwa njia ya kawaida, daktari hulichonga jino lililoharibika ili lipate nafasi ya kuvalishwa krauni, hujaza dongo laini kwenye trei, hulikandamiza juu ya meno na kusubiri dakika chache ligande. Linapotolewa hubaki na umbo la meno kwa kinyume, kama ufunguo uliokandamizwa kwenye kipande cha sabuni. Ndani yake humiminwa plasta, na plasta ikishika ninakuwa na meno yako mkononi. Juu yake huchongwa umbo kwa nta, nta huzungushiwa udongo wa kuhimili moto, huyeyushwa ikatoka, na chuma kilichoyeyuka huchukua nafasi yake. Mbinu hiyo ilienea katika tiba ya meno baada ya daktari Mmarekani, William Taggart, kuitangaza mwaka 1907, na bado inafanya kazi vizuri.

Dongo la bei nafuu huitwa aljineti, na hutokana na mwani wa kahawia. (Si mwani wanaoulima kina mama wa Paje na Jambiani. Ule ni wa jamii ya mwani mwekundu na hutoa karajinani, kitu cha kugandishia vyakula.) Aljineti ina maji mengi. Ukiiacha mezani inakauka na kusinyaa, ukiitia majini inavimba. Ndiyo sababu plasta inatakiwa kumiminwa mapema, pale pale kliniki, kabla umbo halijabadilika. Dongo la silikoni hustahimili kwa siku kadhaa, lakini bei yake ni nyingine.

Halafu kuna safari. Kazi za mikoani hutufikia kwa basi, kwenye boksi la viatu lililojazwa pamba au magazeti. Nimewahi kufungua boksi kutoka safari ya usiku nikakuta gego la plasta, lile lile lililotakiwa kutengenezewa krauni, limevunjika ncha. Mgonjwa alirudishwa kitini kuchukuliwa kipimo upya, baada ya kupoteza nauli na siku ya kazi.

Kinachosafiri sasa ni namba

Neno "kidijitali" limebebeshwa mambo mengi, lakini katika kazi yetu maana yake ya msingi ni moja: umbo la jino limegeuzwa kuwa namba, na namba ndizo zinazosafiri badala ya plasta. Mengine yote yamejengwa juu ya hapo. Umbo husomwa na skana, jino jipya husanifiwa kwenye kompyuta, kisha mashine hulichonga au hulichapa.

Skana ya mdomoni ni kifimbo chenye kamera kwenye ncha. Daktari hukipitisha taratibu juu ya meno, nacho hutoa mwanga na kupiga picha nyingi kila sekunde huku programu ikiziunganisha. Hakuna eksirei hapo. Wanaoogopa mionzi huwa wanaichanganya na mashine nyingine, ile inayokuzunguka kichwa na kutoa picha ya taya ya pande tatu. Hiyo ndiyo inayotumia eksirei, kwa sababu kazi yake ni kuona mfupa na mizizi ndani, ilhali skana huona ngozi ya nje tu. Kwenye kazi ya vipandikizi picha hizo mbili hulazwa moja juu ya nyingine ili daktari ajue sehemu ya kutoboa, na hapo ndipo watu wengi hudhani ni kitu kimoja.

Faili linalotoka ni kama wavu wa kuvulia uliotandazwa juu ya mwamba: pembetatu ndogo ndogo maelfu kwa maelfu zilizoshikana, zikifuata kila bonde na kilima cha jino. Muundo wa faili unaotumika zaidi ni STL, uliotoka katika kampuni ya 3D Systems ya Marekani mwaka 1987. Haubebi rangi, na hata hausemi kama namba zake ni milimita au inchi. Ninaposema faili si picha namaanisha hivyo hasa. Nikilipokea, naweza kulizungusha jino lako, kulikata katikati na kulipima, lakini sijui kama ni jeupe au la manjano.

Teknolojia yenyewe si changa kama matangazo yanavyodokeza. Mfaransa François Duret aliandika tasnifu yake juu ya kuchukua kipimo cha meno kwa mwanga mwaka 1973. Mwaka 1985, Chuo Kikuu cha Zürich, Uswisi, mgonjwa wa kwanza alitibiwa kwa mfumo wa CEREC uliobuniwa na daktari Werner Mörmann na mhandisi Marco Brandestini, akawekewa kijazo cha kauri kilichochongwa na mashine pembeni ya kiti.

Sasa udhaifu wake, ambao tangazo halikwambii. Skana huona kule mwanga unakofika, basi. Ukingo wa jino lililochongwa, yaani mstari ambapo krauni itaishia, mara nyingi uko usawa wa ufizi au chini yake kidogo. Dongo linaposukumwa linaweza kujipenyeza humo. Mwanga hauwezi kuusukuma ufizi. Daktari anatakiwa kuufungua kwanza kwa uzi mwembamba unaozungushiwa jino, damu ikome, mate yakaushwe. Akiruka hatua hiyo, ninachopokea ni ukingo uliofifia kama mstari wa chaki uliofutwa kwa kanga.

Udhaifu mwingine ni urefu. Ukipima kiwanja kwa rula ya mwanafunzi, kila unapoihamisha rula unaongeza kosa dogo. Mita moja hutaliona, mita 40 litakuumbua. Skana nayo inaunganisha picha ndogo ndogo. Kwa jino moja au matatu ni sahihi sana. Kwa taya nzima, kutoka gego la kulia hadi la kushoto, makosa hayo hujumlishana. Na kwa mtu asiye na jino hata moja, fizi ni laini, zinateleza, zinasogea, wala hazina alama za kuiongoza kamera. Mzee anayehitaji seti kamili ya meno ya kuvua, daktari wake akichagua dongo, usidhani amebaki nyuma. Huenda ndiyo njia bora kwa mdomo ule.

Kazi nyingi huanza na dongo, huishia kwenye kompyuta

Watu hudhani kliniki ama ni ya kidijitali ama ni ya kizamani. Mezani kwangu mambo hayako hivyo. Kazi nyingi ninazopokea bado zinakuja kama dongo au plasta. Ninaiweka plasta kwenye skana ya mezani, inageuka faili, na kuanzia hapo kila kitu ni kompyuta. Nyingine zinakuja kama faili moja kwa moja kutoka mdomoni. Chache hazinifikii kabisa, kwa kuwa kliniki ina skana, programu na mashine ya kuchongea chumba cha pili. Hilo ndilo "jino kwa siku moja". Si uongo, ila linafaa zaidi kwa krauni moja moja na vijazo, na ni lazima pale kliniki awepo mtu anayejua kusanifu. Hawezi kuwa mhudumu aliyefundishwa kubonyeza kitufe.

Hebu nieleze kusanifu, kwa sababu hapa ndipo lilipo lile dai kwamba kompyuta inajifanyia. Programu hupendekeza umbo la jino kutoka kwenye maktaba yake, na siku hizi mapendekezo ni mazuri. Kisha kazi yangu inaanza. Natafuta ukingo, nauchora nukta kwa nukta kuzunguka jino. Naangalia jino la juu linavyoangukia la chini. Narekebisha pale krauni inapogusana na jirani: ikibana sana haitaingia, ikilegea nyama itanasa kila mlo. Tangu utafiti wa McLean na von Fraunhofer wa mwaka 1971, mwanya unaotajwa mara nyingi kuwa kikomo kati ya ukingo wa krauni na jino ni maikromita 120, takriban sehemu ya nane ya milimita. Ukizidi, bakteria wanapata mlango, na jino linaoza chini ya krauni ambayo kwa juu bado inang'aa.

Programu ikishaelekezwa vibaya, itatengeneza kosa lile kwa usahihi mkubwa. Tazama jambo dogo kama kung'ata. Daktari huskani meno ya juu, ya chini, kisha hukwambia ung'ate meno ili ayaskani kwa pembeni yakiwa yamekutana. Kama una ganzi upande mmoja, unaweza kuuma kombo bila kuhisi. Kompyuta haijui hilo. Itaniletea taya mbili zilizokutana kombo na mimi nitasanifu krauni inayolingana na kombo ile. Ikivaliwa, itagota kabla ya meno mengine. Ndiyo maana daktari makini hukung'atisha mara mbili tatu na kulinganisha.

Chaki inayogeuka jiwe

Krauni nyingi tunazotengeneza sasa ni za zikonia, kauri ngumu mno. Nyenzo hufika kama sahani nene nyeupe, laini kama chaki, ukiiangusha inameguka. Mashine huichonga ikiwa katika hali hiyo, na jino linatoka likiwa kubwa kupita kiasi. Wageni wakitembelea karakana hushtuka: "Hili la tembo?" Halafu linaingia kwenye tanuri la karibu nyuzi joto 1,500 za Selsiasi kwa saa kadhaa, na huko linasinyaa kwa takriban asilimia 20. Jino la milimita 10 huchongwa likiwa na kama milimita 12 na nusu. Wafinyanzi wa Kikisi kule Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, hawahitaji kuelezwa hili. Wanajua chungu kibichi na chungu kilichochomwa havilingani.

Kila sahani huja na namba yake ya kusinyaa iliyoandikwa na kiwanda. Siku moja nilibadilisha sahani nikasahau kubadilisha namba kwenye programu. Kwa macho krauni zilikuwa nzuri, kwenye kielelezo cha plasta hazikuingia hata moja. Nilizirudia zote nne usiku ule. Na umeme ukikatika tanuri likiwa katikati ya safari yake, kazi huweza kuharibika pia, kwa hiyo gharama ya krauni unayolipia ina jenereta ndani yake, ina kiimarisha umeme, ina sahani zilizotupwa. Mtu akiniuliza mbona kidijitali hakijashusha bei, namwonyesha tanuri. Tumepunguza gharama ya boksi na siku za kusubiri. Tumeongeza mashine, leseni za programu na matengenezo.

Printa ya 3D hufanya kazi tofauti. Hugandisha utomvu kwa mwanga, tabaka juu ya tabaka, na hutufaa kwa vielelezo vya meno, vielekezi vya kutobolea vipandikizi na krauni za muda. Anayekwambia krauni yako ya kudumu ya zikonia "imeprintiwa", muulize vizuri. Zikonia nyingi mno bado huchongwa.

Rangi

Hapa ndipo namba zinaposhindwa, na hapa ndipo nimejifunza zaidi.

Daktari huchagua rangi kwa kulinganisha jino lako na vijiti vya sampuli. Seti iliyozoeleka, ya kampuni ya VITA, ina rangi 16, kuanzia A1 hadi D4. Zinatosha kwa watu wengi. Lakini Arusha, Meru, sehemu za Kilimanjaro na kote kando ya Bonde la Ufa hadi Nakuru, maji ya visima na mito mingi yana floraidi nyingi, na waliokulia huko wana meno yenye mabaka ya kahawia na michirizi myeupe. Rangi hiyo haimo kwenye vile vijiti 16.

Nilipokea kazi ya jino la mbele la dada mmoja wa huko. Fomu ilisema A3, basi. Nikatengeneza A3 safi kabisa. Lilipowekwa, lilionekana kama bati jipya kwenye paa la zamani, naye akalirudisha akilia, kwa haki. Mara ya pili nilimwomba daktari picha: mgonjwa dirishani kwenye mwanga wa mchana, kijiti cha sampuli kimeshikwa karibu na jino, picha ya midomo imefunguka na nyingine anatabasamu. Nikapaka mabaka kwa brashi yenye nywele chache, kahawia hafifu karibu na ncha, ukungu mweupe katikati, nikachoma, nikaangalia, nikapaka tena. Hakuna faili la STL ambalo lingeniambia hayo.

Picha kama hizo ni taarifa za afya yako. Sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya 2019 na ile ya Tanzania ya 2022 zote zinaziweka katika kundi la taarifa nyeti, na zina masharti juu ya kuzipeleka nje ya nchi. Faili za meno huvuka mipaka kirahisi, maana maabara nyingine hutuma kazi ya kusanifu au kuchonga kwa vituo vya ng'ambo. Una haki ya kumuuliza daktari jino lako linatengenezwa wapi na nani, na kama jina lako limeandikwa kwenye faili au imetumika namba. Mwulize bila woga. Daktari anayeifahamu maabara yake atakujibu kwa sentensi mbili.

"Mgonjwa bado yupo kitini?"

Nikiulizwa faida kubwa ya mfumo huu ni ipi, sitaji kasi ya mashine. Nataja kasi ya kuuliza swali.

Krauni ya zikonia kwenye gego inahitaji unene wa milimita moja hadi moja na nusu juu ya jino. Daktari akichonga pungufu, mimi sina nafasi. Nikiifanya nyembamba itapasuka, nikiifanya nene itagota. Enzi za boksi nilikuwa nagundua hilo siku ya tatu, mgonjwa ameshakwenda zake shambani, ganzi imeisha, krauni ya muda imegandishwa. Wengi tulikuwa tunakwaruza jino la plasta kidogo na kuomba Mungu. Naandika hili kwa masikitiko, kwa sababu najua baadhi ya kazi zile ziliishia kung'olewa.

Mwezi uliopita faili liliingia saa nne na dakika 40 asubuhi kutoka kliniki ya mkoani. Nililifungua pale pale. Programu ilipaka doa jekundu kwenye kona moja ya gego, upande wa ulimi: nafasi iliyokuwepo ilikuwa nusu milimita. Nikapiga simu.

"Daktari, mgonjwa bado yupo kitini?"

"Yupo, ndiyo nataka kumweka ya muda."

"Kona ya ndani, nyuma. Niongezee kidogo, nusu milimita inanitosha."

Nikasikia drili. Akaskani tena kona ile tu, akatuma. Doa lilikuwa limekwisha. Mgonjwa, nadhani, hakujua hata kwamba amezungumziwa. Krauni yake ilipanda basi Alhamisi alfajiri, ikiwa imefungwa kwenye kiboksi kidogo kuliko cha kiberiti, na Ijumaa mchana nilipigiwa simu.

"Fundi, imeingia. Sijagusa chochote."